Tenda za wazawa: nadaiwa kodi ya pesa ambayo Serikali yenyewe haijanilipa

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiyetaka kusoma apite tu. Mods, msiuunganishe na zile nyuzi za mikopo ya halmashauri, hili ni jambo jingine.

Mimi ni mkandarasi wa daraja la saba, lile la chini kabisa, kazi za barabara. Mzawa kabisa, kama wanavyopenda kutuita siku za makongamano. Kila kiongozi akishika kipaza sauti tunaambiwa "wazawa, changamkieni fursa". Na kwenye makaratasi fursa zipo, sibishi. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ilianza kutumika Juni 2024, kanuni zake zikafuata Julai, na kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 zikatengwa kwa wazawa. Makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, wana asilimia 30 yao. Tenda zimehamia NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi wa mtandaoni, hakuna tena kupanda basi la usiku kwenda kutumbukiza bahasha kwenye sanduku la ofisi fulani kabla ya saa nne asubuhi. Hapo nawapa heko. Kazi yangu niliipata nikiwa nimekaa sebuleni kwangu, simjui mtu, sikutoa hata soda.

Kupata nilipata. Kulipwa ndiyo habari nyingine.

Mkataba tulisaini Septemba 2024 na taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja, bado nina pesa yangu kule. Kilomita kadhaa za changarawe na makalavati manne. Milioni 236, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ikiwa ndani. Malipo ya awali sikuchukua, kwa sababu yanataka dhamana ya benki, na benki ilitaka niweke fedha taslimu karibu sawa na hayo malipo yenyewe. Sasa ningekuwa nazo ningeombea nini? Nikaweka hati ya nyumba, nikachukua mkopo. Greda la kukodi, linalipiwa kwa siku, likinyeshewa na mvua lisipofanya kazi mwenye nalo hataki kujua. Saruji na nondo za mkopo dukani. Vibarua wa kijijini, hao hawakopeshi, kila Jumamosi jioni wamekaa kwenye tofali wanakusubiri.

Novemba tukafika nusu. Mhandisi akaja, akapima, hati ya kwanza ya malipo ikasainiwa: milioni 118. Mkataba umeandika siku 28. Nikaipeleka kwa mhasibu nikiwa nimevaa shati zuri.

Mhasibu akaniambia, "Kaka, bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, siwezi kuingiza kwenye mfumo." Nikauliza, risiti si hutolewa ukishalipwa? Akacheka. Nikakata risiti.

Hapo ndipo nilipojifunga kamba shingoni mwenyewe. Ile risiti ikitoka tu kwenye mashine, watu wa kodi wanaiona. Ndani yake kuna milioni 18 za VAT, na ritani, yaani fomu ya kodi pamoja na malipo yake, inatakiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mtu atasema toa VAT uliyolipa kwenye manunuzi. Nimetoa, mkuu. Dizeli haina VAT ya kudai. Kibarua hana VAT. Mchanga na kokoto za mama wa kijijini hazina hata karatasi. Nilichobaki nadaiwa ni milioni 12 na ushee, kodi ya pesa ambayo sijaiona kwa macho wala kuisikia kwenye ujumbe wa benki.

Desemba 20 ikapita. Januari nikamaliza kazi yote, kwa deni juu ya deni, kwa sababu ukichelewesha unakatwa. Hati ya pili ikasainiwa. Hii nikakataa kukata risiti, nikaambiwa basi faili lako litalala. Likalala.

Kila nikienda kuna lugha mpya. Februari: "fungu halijashuka". Aprili: "mfumo unasumbua". Juni: "tunafunga mwaka, subiri". Juni 30 ikafika, mwaka wa fedha ukafungwa, na mimi nikahama daftari. Julai nikaambiwa sasa wewe siyo malipo tena, wewe ni deni la nyuma, na madeni ya nyuma lazima yahakikiwe. Nani anahakiki? Wanakuja. Lini? Wanakuja. Barabara wanayotaka kuhakiki wao wenyewe wanaipita kila siku kwenda ofisini.

Ila kuna barua moja ilinifikia ndani ya siku mbili. Ilisema masika imechimba upande mmoja wa kalavati namba tatu, niko ndani ya kipindi cha matazamio, nirudi nikarekebishe kwa gharama zangu ndani ya siku 14. Nilirudi. Nikarekebisha. Kwa pesa ya ada ya mtoto.

Sasa ile kodi tangu Desemba inazaa riba na faini. Agosti nikaona tenda nyingine NeST, kazi ndogo, ningeifanya nikiwa nimefunga macho. Wanataka hati ya kutodaiwa kodi, ile tunayoiita kliarensi. Kliarensi sipewi, nadaiwa. Kwa nini nadaiwa? Kwa sababu Serikali haijanilipa. Naomba msome tena taratibu: Serikali imenikopa, kwa kunikopa imenifanya nishindwe kulipa Serikali, na kwa kushindwa huko Serikali imenifungia mlango wa tenda ya Serikali, ile iliyotengwa kwa ajili yangu kwa jina la mzawa.

Na msidhani ni mimi peke yangu. Binamu yangu yuko kwenye kikundi cha akina mama cha usafi. Halmashauri yao iliwakopesha kwenye ile asilimia 10 ya mapato yake inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, fungu la wanawake lile la asilimia nne, wakanunua vifaa na sabuni. Halmashauri hiyohiyo ikawapa tenda ya kufagia ofisi zake. Miezi sita hawajalipwa. Afisa maendeleo ya jamii akaja kuwadai rejesho, akawasema mbele ya watu kwamba wanawake wa kata hii hawalipi mikopo. Wakamwonyesha ankara zao. Akasema hayo ni ya chumba kingine. Chumba chenyewe wanakipiga deki wao!

Mnajua mwisho wake? Vikundi vya namna hiyo vinaishia kuazimisha jina. Anakuja mwenye mtaji, anatumia usajili wao wa kundi maalumu, anapeleka mzigo, yeye ana ubavu wa kungoja mwaka mzima, akilipwa anawaachia laki tano ya vocha na nauli. Halafu takwimu zinasoma akina mama wamewezeshwa. Mimi mwenyewe mwezi uliopita nimepigiwa simu na jamaa anataka kukodi kampuni yangu. Zamani ningemtukana. Safari hii nilimwambia nitafikiria, na hilo ndilo linaloniuma kuliko deni.

Kwenye tenda sisi tunapimwa kila kitu: uzoefu wa kazi za kufanana, mauzo ya mwaka, mitambo, wataalamu, kesi mahakamani. Sawa, mnunuzi ana haki ya kujua anampa nani kazi. Sisi je? Weka pale kwenye NeST, jina la taasisi, na pembeni wastani wa siku inazochukua kulipa na kiasi inachodaiwa. Niamue mwenyewe kama naweka hati ya nyumba au naacha. Na deni lililosainiwa na mhandisi wa umma likatwe kwenye kodi ninayodaiwa, moja kwa moja, bila mimi kutembeza karatasi. Ni mfuko uleule, mkono wa kulia na wa kushoto.

NYONGEZA: Nimesoma majibu.

Mnaosema "dai riba ya ucheleweshaji, iko kwenye mkataba": iko, naijua kifungu kwa namba. Nionyesheni mkandarasi wa daraja la saba aliyeidai halafu akapata kazi tena mkoa huohuo.

Anayesema wazawa tunafanya kazi mbovu, tukilipwa tunanunua gari: wapo, nawafahamu wawili kwa sura, na wafutwe. Lakini ukweli mwingine ni kwamba mtu anayejua atalipwa baada ya mwaka anaanza kupunguza mfuko wa saruji siku ya kwanza. Simtetei. Nakueleza hesabu yake.

Mkuu uliyetaja mfuko wa CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, wa kusaidia makandarasi, asante, ule unasaidia dhamana za zabuni na za malipo ya awali, na kazi ijayo nitapitia huko badala ya kukimbilia kuweka nyumba. Kwa deni ambalo tayari limeshaoza hauna dawa.

Ninachoomba kwa wenye uzoefu ni hiki: yupo aliyekubaliwa kukatiana deni la Serikali na kodi, au angalau kupewa kliarensi ya muda? Barua aliiandikaje na aliipeleka kwa nani? Ofisi ya kodi ya kwetu imesema nilete uthibitisho wa deni uliosainiwa na mkuu wa taasisi, kabla ya Ijumaa. Nimetoka kule sasa hivi. Mkuu yuko semina Arusha, anarudi Jumatatu.