Kuangusha milingoti 9 nyuma ya nyumba kwa chenso, nianzie wapi?

mkulima_njombe
Wakuu habari za jioni. Nina milingoti (mikaratusi) 9 nyuma ya nyumba, mzee aliipanda kabla sijaanza shule, sasa hivi mingine huwezi kuikumbatia ukakutanisha mikono. Miwili imelalia upande wa nyumba na upepo ukivuma usiku mama anahamia kulala sebuleni. Nimenunua chenso ya mtumba, inawaka vizuri tu, nimeshakatia kuni, ila mti uliosimama sijawahi kuangusha hata mmoja. Wanaofanya hiyo kazi wanataka hela ambayo kwa sasa sina. Naomba mnielekeze, unafanyaje mti uangukie huku na sio kule, na nivae nini. Vijana wa huku wanakata na bukta na yeboyebo, mmoja mwaka jana cheni ilimpitia juu ya goti mpaka leo anachechemea, sitaki kubahatisha.

operata_mstaafu
Mdogo wangu umefanya vizuri kuuliza kwanza. Mimi nimekata misindano (mipaini) Mufindi miaka mingi, nakwambia hiyo miwili iliyolalia nyumba usiiguse, hiyo inataka kamba ya chuma, winchi na watu waliozoea.

Iliyobaki anza kwa kuuangalia mti bila mashine mkononi. Uzunguke, tazama umeinamia wapi, matawi mengi yako upande gani, upepo unatoka wapi, kuna tawi kavu limenasa juu au hapana. Fyeka kuzunguka shina lote halafu fyeka njia mbili za kukimbilia, ziende nyuma kwa mshazari kulia na kushoto, sio nyuma moja kwa moja kwa sababu gogo likianguka kitako chake kinaweza kurudi nyuma kwa nguvu na kikikukuta hapo ndio basi. Watu wote wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti, mti wa mita 20 basi mita 40, watoto na kuku ndani.

Sasa kukata. Upande unaotaka uangukie unatoa mdomo, kata ya juu unaishusha kwa mshazari, ya chini unalaza, zikutane sawasawa. Kina chake ni kama robo ya unene, mti wa sm 40 usizidi sm 10. Ukimaliza unahamia nyuma unakata kwa kulaza, sm 2 au 3 juu ya sakafu ya ule mdomo, na HAPA ndipo wengi wanapofia: usikate mpaka mwisho. Acha mbao isiyokatwa katikati, kama sehemu moja ya kumi ya unene, kwa huo wa sm 40 acha sm 4, nene sawa kulia na kushoto. Hiyo ndiyo bawaba, inaushika mti ushuke kama mlango. Ukiikata mti unaenda unakotaka wenyewe. Nafasi ikiruhusu gongea kabari ya plastiki au mti nyuma ya cheni ili usikae ukaibana, ya chuma usitumie maana cheni ikiigusa imekwisha.

Ukisikia ile "kaa, kaa" ya nyuzi zinakatika, usibaki kuangalia. Piga breki, shika njia yako, mita 5 au zaidi, macho juu. Matawi huwa yanadondoka mti ukiwa umeshalala.

baba_wawili
Naongezea kitu kimoja. Mimi nina kovu kutoka begani hadi karibu na shingo. Sikuwa hata naangusha mti, nilikuwa napunguza matawi ya mti uliolala, ncha ya lile bapa linalobeba cheni ikagusa tawi la upande wa pili ambalo sikuliona, mashine ikaruka usoni kabla sijafumba jicho. Sehemu ya juu ya ncha hairuhusiwi kugusa kitu chochote, kamwe. Breki ndiyo ingenisaidia na ilikuwa imekufa, aliyeniuzia hakusema na mimi sikujaribu. Jaribu yako leo: mashine chini, ishike kwa mikono miwili, vuta mafuta mpaka cheni ikimbie, sukuma ile kinga ya mbele kwa kifundo cha mkono bila kuachia mshikio. Cheni isimame papo hapo.

mbao_eldoret
Huku kwetu tunaita blugamu na ndio mti mbaya kwa hii kazi. Ule umeinama ukiukata pole pole kutoka nyuma unapasuka kwenda juu, kipande kinaruka na kukupiga kidevu. Nimeona mtu akizikwa kwa sababu ya hiyo. Sikiza mzee hapo juu, hiyo miwili wacha.

mama_kitalu
Kuhusu kuvaa, jinzi haisaidii kitu kaka yangu. Suruali ya kinga ndani ina nyuzi ndefu, cheni ikigusa zinavutwa zinajisokota kwenye gia na mashine inasimama. Ongeza helmeti yenye wavu wa uso na kinga ya masikio, na buti ngumu, mtumba zinapatikana. Kama waya wa umeme unafikiwa na mti wowote hapo nenda TANESCO kwanza wazime. Na FITI, kile chuo cha viwanda vya misitu cha Moshi, wanafundisha hii kazi, Mafinga nako wana kituo, sio mbali na wewe.

mkulima_njombe
Asanteni sana wazee wangu, na dada. Mafuta nachanganyaje?

operata_mstaafu
Mashine nyingi ni mls 20 za oili ya tustroku kwa lita moja ya petroli, lita 5 weka mls 100. Angalia kifuniko au kitabu chake. Na oili ya cheni isikauke. Breki umeijaribu?

mkulima_njombe
Nimetoka kuijaribu sasa hivi mkuu. Nimesukuma kinga mara tatu, cheni inaendelea kuzunguka tu. Kesho asubuhi inaenda kwa fundi mjini, na mama nimemhamishia chumba cha mbele mpaka tupate hela ya watu wa winchi.