Dodoso au mahojiano: kipi kitatufaa kuuchunguza ushirika wetu?

Bi Mwani, Paje
Assalaam alaykum nyote. Mimi ni katibu wa ushirika wa akina mama wakulima wa mwani, tuko 46. Tangu mwaka jana watu wanajitoa mmoja mmoja, vikao vinajaa nusu, na ukiuliza unaambiwa "hakuna tatizo". Mtaalamu mmoja anasema tugawe dodoso la ngazi tano, kutoka 1 (sikubaliani kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa), tutafute wastani. Mwengine anasema tukae na watu, tuchambue maneno yao. Pesa ya kufanya yote mawili hatuna. Nichague lipi?

Hesabu za Chake
Waalaykum salaam, bibie. Mimi nasema dodoso. Watu 46 unawauliza wote, na asiyethubutu kusema mbele ya mwenyekiti ataweka alama kwenye karatasi isiyo na jina.

Lakini usikimbilie wastani. Tuseme swali ni kama mgao wa fedha ni wa haki. Watu 10 wote wakijibu 3, wastani ni 3. Watano wakijibu 1 na watano wakijibu 5, wastani ni 3 vile vile! Kundi la kwanza halina hamu wala chuki, la pili limepasuka. Hesabu kwanza wangapi wamejibu nini, uchore grafu, ndipo utazame wastani na mtawanyiko, yaani majibu yametengana kiasi gani. Kipimo hiki cha ngazi kilianzishwa na Rensis Likert wa Marekani mwaka 1932, na hadi leo wanatakwimu wanabishana kama hatua ya 1 hadi 2 ni sawa na ya 4 hadi 5.

Na ukigawa majibu kwa makundi, kundi la watu watatu usilitangaze. Watajulikana.

Mpemba wa Wete
Hapo sikubali. Dodoso linauliza yale uliyokwisha kuyafikiria wewe. Niliwahi kusaidia kikundi cha wakulima wa karafuu huku kwetu. Karatasi zilituambia watu hawaridhiki na uongozi, tukamtazama mwenyekiti. Tulipokaa nao barazani, kumbe ni mizani: mpimaji alikuwa akipima kwa kificho. Dodoso letu halikuwa na swali la mizani.

Uchambuzi wa mahojiano ni kazi, usidanganywe. Andika maneno kama yalivyosemwa, usiyasafishe. Yasome yote mara mbili. Kauli zinazofanana zitie fungu moja, ulipe jina. Mtu wa pili apange zake bila kuona zako, na mkitofautiana sana basi mafungu hayajakaa sawa. Ukimaliza unaweza hata kuhesabu wangapi wametaja nini, ila kutajwa mara nyingi si uzito. Jambo la wawili tu huenda ndilo linaloogopwa na wote.

Kamba na Taitai, Jambiani
Bi Mwani, kabla ya yote hayo, daftari la mahudhurio unalo? Hiyo ni takwimu ya bure. Liweke pamoja na tarehe za mwezi mwandamo. Karibu na mwezi kuandama na mwezi mpevu ni bamvu, maji yanapwa mbali, sote tuko baharini tunafunga mwani. Kikao kikiitishwa siku hizo, nani atakuja? Mtu asiyejua bahari atachora mavuno na mahudhurio kwenye grafu moja, aone yanakwenda pamoja au yanapishana, aseme moja limesababisha jengine. Kumbe maji ndiyo yanayoendesha yote mawili.

Bi Mwani, Paje
Nimelifungua usiku huu. Vikao 11, vitano vimeangukia bamvu na majina ni machache kweli. Lakini viwili vya mwisho havikuwa vya bamvu, na bado watu hawakuja. Basi nitaanza na mahojiano juu ya hivyo viwili, nyumba kwa nyumba, kwanza waliojitoa. Dodoso baadaye, maswali yatoke kwenye maneno yao.

Mpemba wa Wete
Vizuri sana, ila usiende wewe. Wewe ni katibu, utaambiwa "hakuna tatizo". Mtafute mwanamke wa shehia nyengine anayeujua mwani, asiyekula mgao wenu.

Bi Mwani, Paje
Kamba na Taitai, upo tayari kuja Paje? Nauli tutachanga.