Pi 4 inajizima kila nikitoka kuchemsha chai, ni memori kadi ama nini?

mpangaji_umoja

Wadau habari zenu, naomba msaada kabla sijarusha hii kitu dirishani. Niko na Raspberry Pi 4 (ile kompyuta ndogo ya saizi ya kadi) ya RAM giga 4, nimeiwekea LibreELEC, mfumo wa kuendesha Kodi, so sinema zote pale sebuleni tunaangalia na hiyo programu ya Kodi (na kabla mtu aanze, hapana, si kodi ya nyumba, hiyo nimelipa). Diski ni ya tera 1, nilitoa kwa laptopu iliyokufa nikaiweka kwa kile kikasha cha USB. Miezi mitatu imekuwa poa sana, hata rimoti ni ile ya tivi yenyewe, na mama watoto alikuwa amewacha kuniuliza mbona tusinunue tu dekoda kama watu.

Sasa tangu tuhamie hapa Umoja imeanza vituko. Picha inaganda, skrini inakuwa giza, halafu naona nembo ya LibreELEC ikirudi kama vile mtu amechomoa na kuchomeka. Kitu inanichanganya ni hii, watoto wanaweza kuangalia katuni masaa mawili mfululizo na haisumbui, lakini mimi nikisimamisha filamu niende jikoni kuchemsha chai, nirudi kama dakika ishirini baadaye nibonyeze plei, nasikia diski inafanya tik tik, giza. Si kila siku lakini karibu kila siku. Nimeapdeti, nimebadilisha waya wa HDMI, nimeipulizia vumbi, wapi. Nilikuwa nafikiria ni stima ya hii nyumba lakini tivi na rauta ziko sawa na zote ziko kwa ekstensheni moja.

kadi_imeungua

Hiyo ni memori kadi bosi. Ya kwangu ilianza hivyo hivyo, zile kadi za bei rahisi za mtaani zinaandikwa giga 64 na ndani hakuna kitu. Nunua ingine, flashi upya, endelea na maisha.

dada_wa_solda

Ngoja kwanza ndugu, usiflashi kitu. Kadi mbovu inaweza kukufanyia hayo kweli, lakini kadi haijui kama umeenda jikoni. Soma tena vile umeandika. Katuni masaa mawili, hakuna shida. Chai dakika ishirini, inakufa. Tofauti ni nini? Diski yako ikikaa bila kusomwa inalala, ile sahani ya ndani inaacha kuzunguka. Ukibonyeza plei inabidi iamke ianze kuzunguka kutoka sifuri, na hapo ndipo inavuta stima nyingi kuliko wakati mwingine wowote, diski ndogo kama hiyo inaweza kufika karibu ampi 1 kwa sekunde chache. Hiyo yote inatoka kwa Pi yako, na Pi 4 haiwezi kutoa zaidi ya ampi 1.2 kwa matundu yote manne ya USB yakijumlishwa. Kama chaja yenyewe ni dhaifu, volti zinaanguka, Pi inazimia. Ile tik tik ni diski inajaribu kuamka inakosa nguvu.

Nieleze mambo mawili. Chaja ni gani na waya wake ni upi (usiniambie tu "ya simu", geuza usome maandishi). Halafu ingia kwa setingi za LibreELEC uwashe SSH (njia ya kuiandikia Pi amri kutoka kompyuta ingine), ingia ukitumia kompyuta, jina ni root na pasiwadi ni libreelec kama hukubadilisha (na kama hukubadilisha, badilisha), uandike hii:

vcgencmd get_throttled

Tuambie imejibu nini.

mpangaji_umoja

Asante dada. Imeandika throttled=0x50000. Sijui hiyo ni lugha gani.

Chaja imeandikwa 5V 2A, halafu chini 9V 2A, ni ile ya simu inachaji haraka so nilijua iko na nguvu ya kutosha. Na waya... aki sasa ndio nashtuka. Kwa nyumba ya zamani soketi ilikuwa nyuma ya tivi. Hapa iko ukuta ule mwingine na ekstensheni haifiki, nikachukua waya wa mita 3 kwa jamaa anauzia kwa kona hapo steji. Mwembamba kama kamba ya viatu.

dada_wa_solda

😂 Haya, umejijibu.

Hiyo namba: 5 ya mbele inamaanisha tangu Pi iwake stima imewahi kushuka, na Pi imewahi kujipunguzia kasi. Ingekuwa inatokea saa hii unasoma, ungeona 0x50005. Kama kila kitu kiko sawa unaona 0x0 peke yake. Zamani kulikuwa na alama ya radi ya njano kwa kona ya skrini ya kukuonya, lakini usingoje alama, hiyo namba haidanganyi.

Kuhusu chaja, ile 9V haikusaidii hata kidogo. Simu inaongea na chaja zinakubaliana zipande mpaka 9, Pi 4 haijui hiyo lugha, inachukua 5V basi, kwa hivyo uko na ampi 2 na hapo juu unaning'iniza diski. Sasa jumlisha na shida ya huo waya wako. Shaba nyembamba, mita 3 kwenda na mita 3 kurudi, inaweza kufika omu 0.2 bila shida. Ampi 2 zikipita hapo unapoteza volti 0.4, so zile volti 5 zinafika kwa Pi zikiwa 4.6. Pi inaanza kulalamika ikishuka chini ya 4.63. Umeona vile ulikuwa kwa ukingo kabisa? Nyumba ya zamani ulikuwa na waya mfupi ndio maana ulikuwa unapona, haikuwa eti ile chaja ilikuwa nzuri.

Nunua adapta ya Raspberry Pi yenyewe, inatoa volti 5.1 na ampi 3, na waya wake umeshikana nayo hauchomoki, wamefanya hivyo makusudi kwa sababu ya watu kama wewe. Ile 0.1 ya ziada ni ya kufidia waya. Na soketi ikiwa mbali, ongeza urefu upande wa ukutani, yaani ekstensheni ndefu ya 240V, si upande wa volti 5. Watu wengi hufanya kinyume.

mzee_wa_kasarani

Vijana wangu, mimi natumia chaja ya laptopu ya USB-C, hiyo iko na nguvu mara ishirini, mbona asijaribu hiyo kwanza kabla ya kutumia pesa?

dada_wa_solda

Mzee wangu inaweza kukubali, haitachoma kitu, itatoa 5V tu. Lakini inategemea Pi yake ni ya lini. Zile Pi 4 za kwanza za 2019 zilikuwa na kosa kwa tundu la USB-C, waliweka rezista moja mahali palitakiwa mbili, so ukitumia waya zile nzuri zenye chipu ndani, chaja inadhani imechomekewa spika za masikioni na inakataa kutoa stima kabisa. Walirekebisha baadaye. Kama yake ni ya zamani atachomeka aone kimya aseme Pi imekufa.

kadi_imeungua

Nakubali nilikosea lakini bado nasema anunue kadi ingine. Kitu imezimwa ghafla karibu kila siku, hiyo kadi imeumia. Na kama diski iko na NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows), ikizimwa hivyo saa zingine inarudi ikiwa ya kusoma tu, hutaweza kufuta ama kuongeza kitu mpaka uichomeke kwa Windows irekebishwe.

dada_wa_solda

Hapo umesema ukweli. Afanye bakapu ya setingi zake leo leo.

mpangaji_umoja

Nimerudi na ripoti. Jumamosi nilishuka tao nikazunguka Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki, kutoka juu mpaka chini, duka tatu za kwanza wananionyesha chaja za simu wakisema "hii ni ya Raspberry", moja hata ilikuwa na kistika cha tufaha. Ya nne nikapata ile yenyewe, bei karibu kilo mbili za nyama, nikalipa na roho safi. Pia nikachukua habu ya USB iko na chaja yake, diski sasa inakula kwa habu haigusi Pi. Siku tano leo. Nimechemsha chai, nimeoga, juzi hata nililala kwa kochi na filamu imesimama, nikaamka nikabonyeza, diski ikavuta pumzi kidogo, ikaendelea. Namba ni 0x0.

Swali dogo dada kama hujachoka. Kuna katuni moja ya Kijapani ya kijana wangu bado inakwamakwama, sauti inatangulia picha. Filamu zingine kubwa kuliko hiyo zinaenda poa. Hiyo pia ni stima?

dada_wa_solda

Hapana hiyo ni ingine. Bonyeza O kwa kibodi ikicheza usome kodeki, yaani njia video ilivyobanwa. Nabet ni H.264 ya biti 10, watu wa katuni za Kijapani waliipenda sana. Pi 4 ina chipu ya kufungua H.264 lakini ya biti 8 pekee, hii ya biti 10 inabidi prosesa ifanye kazi kwa mkono, inachoka. HEVC, kodeki mpya kuliko hiyo, hata ya biti 10 inaifungua na chipu bila shida mpaka 4K. Hakuna setingi itakusaidia, ambia kijana atafute hiyo katuni ikiwa HEVC, ama uibadilishe kwa laptopu usiku mkiwa mmelala.

Na jambo moja kuhusu hiyo habu: zima Pi, chomoa adapta yake, uangalie kama taa nyekundu bado inawaka. Ikiwaka, habu inarudisha stima kinyume kupitia USB. Hiyo irudishe dukani ubadilishiwe.

mpangaji_umoja

Nimeangalia, taa imezimika. Na ni H.264 10 kweli, we ni mganga. Kijana amenuna lakini atazoea.

mzee_wa_kasarani

Hiyo waya ya mita 3 bado uko nayo? Naitaka ya redio ya kuku.