Naomba ushauri: mtoto asome kwa Kihungaria au Kislovakia?

Habari zenu wakuu. Mume wangu kapata kazi, tumehamia Štúrovo, mji mdogo wa Slovakia kando ya Mto Danube. Ng'ambo ni Esztergom, Hungaria. Unavuka kwa miguu daraja la Mária Valéria, lile lililolipuliwa mwaka 1944 likafunguliwa tena 2001. Wakazi wengi hapa ni Wahungaria. Sokoni mama muuza pilipili hoho anakusalimu "jó napot" kwanza, ukimjibu Kislovakia anabadili lugha bila kinyongo.

Sasa binti yetu anaanza darasa la kwanza Septemba, na shule za lugha zote mbili zipo. Akisoma kwa Kihungaria atacheza na watoto wa majirani, na Kislovakia atafundishwa kama somo. Ila mambo ya serikali na vyuo vingi vya nchi hii ni Kislovakia, na moyo wangu unaegemea huko. Baba yake anasema apate marafiki kwanza. Kiswahili nyumbani hatuachi, hilo halina mjadala.

Mliolea watoto kwenye miji ya namna hii, mlianzia wapi? Na lugha tatu kwa mpigo hazikumchosha mtoto?