Tupeane uzoefu: nani amewahi kulipata kaburi la babu yake wa Keya?

Mtoto wa Bombo
Wandugu, salaam. Babu yangu mzaa baba aliingia Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) akamwacha mzee wangu tumboni, hakurudi. Habuba, yaani bibi yangu, alikuwa akisema tu, "amelala Burma." Nyumbani tulibaki na vitu viwili: nyota ya shaba ya pembe sita, na picha moja iliyoliwa na mende pembeni. Nyota haikunisaidia, maana nyota za vita vya pili Waingereza waliwagawia askari wetu bila kuchonga jina. Kazi ilifanywa na picha. Begani pana alama ambayo utotoni tukidhani ni nguruwe. Juzi nikaiangalia kwa simu, nikaivuta ikawa kubwa: kichwa cha kifaru! Hiyo ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw mvua za 1944 zikiendelea, watu wakianguka kwa malaria na tifasi ya utitiri kama kwa risasi.

Nyuma ya picha pana nambari yake ya jeshi kwa kalamu ya risasi. Habuba aliiandikisha ili anayemwandikia barua asikosee. Nikaingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (bure, haina malipo), nikajaribu jina kwa tahajia tatu, patupu. Nikaweka nambari peke yake. Akatokea: shaushi, batalioni ya 4, Oktoba 1944. Ila si kaburi. Ni jina kwenye nguzo za mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan, Burma. Nguzo hizo zina majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana.

Nikampelekea mzee. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Wameandika Ramadhani au Ramazani?" Wameandika Ramathan. Hakupenda.

Nyinyi wenzangu mlipitia wapi?

Senga Ananituma
Sisi ni kinyume chako. Ukoo mzima miaka yote ukiamini babu alifia ng'ambo, kumbe yuko Jinja, kwenye makaburi ya vita! Aliugua kambini 1943 hata meli hajaiona. Kutoka kwetu ni safari ya nauli ya matatu moja. Nilipomfikisha senga (shangazi) wangu pale aliligusa jiwe, akasoma jina kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, halafu akaanza kumgombeza marehemu: kwa nini ulikaa kimya karibu hivi? Tukacheka huku tunalia. Kwa hiyo kabla ya kufikiria Burma, anzeni na makaburi ya hapa Uganda na Nairobi.

Mjukuu wa Kariakoo
Mna bahati. Babu wa baba yangu hakushika bunduki, alibeba mizigo vita vya kwanza, alichukuliwa 1917 kutoka upande wa Arua. Nimetafuta miaka minne. Hakuna nambari, hakuna jina, hakuna nguzo. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Nimeisoma kurasa zote. Nilitaka kumwona hata kwenye hesabu tu.

Pesa Yangu Jamani
Mimi niliona ofisi moja ya "kutafuta mafaili ya jeshi", nikatoa shilingi 300,000. Baada ya wiki sita wakanipa bahasha nzuri yenye karatasi moja. Ndiyo hiyohiyo ya bure aliyoitaja Mtoto wa Bombo, hata tarehe ya kuchapa haikufutwa.

Mzee wa Mafaili
Poleni. Mambo mawili. Batalioni ya 4 na ya 44 zote zilikuwa za Uganda na zote zilikuwa Burma, lakini brigedi tofauti: ya 4 brigedi ya 21, ya 44 brigedi ya 26. Tarakimu moja ikipotea unamfuata babu wa mwingine. Ukishaijua batalioni, shajara zake za vita ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, fungu la WO 172. Usitegemee jina la askari wa kawaida humo, wanaandika maofisa. Ila utajua tarehe aliyokufa kikosi kilikuwa mto gani. Na wa vita vya kwanza, geuza medali: ukingoni huwa pamechongwa nambari na jina.

Jambo jingine kidogo: familia zenye mtu wa mizinga aliyepotea Februari 1944, ulizieni meli Khedive Ismail iliyozamishwa tarehe 12 na nyambizi ya Wajapani. Hao wako kwenye mnara wa Nairobi.

Mtoto wa Bombo
Asanteni. Kuhusu tahajia, niliandikia Tume nao wakajibu kwamba jina hurekebishwa ukiwa na ushahidi wa maandishi. Leo nimeitoa picha kwenye fremu tena. Chini ya nambari, kwa kalamu ileile, imefifia lakini inasomeka: Ramazani. Mzee anadai alijua tangu mwanzo.