Maisha Namba: mnaogopa kadi ama mnaogopa mwenye kushika data?

Wadau salaam. Jana nimenunua njugu za kumi pale steji, kumaliza kula nakunjua karatasi naona ni fotokopi ya kipande, yaani kitambulisho, cha mtu, jina, namba, picha, mafuta ya njugu yamemkaa usoni. Nikaitia mfukoni, sijui hata niipeleke wapi. Sasa hii Maisha Namba, mpango mpya wa vitambulisho hapa Kenya, kadi yake ya chipu inabeba mpaka alama za vidole, nani ataniambia zangu haziishii kwa njugu?

Na tusijisahaulishe. 2019 tulipanga foleni kwa chifu tukasajiliwa Huduma Namba, mpango uliotangulia huu, na sheria yenyewe ilikuwa inataka mpaka DNA na GPS ya kwako. Januari 2020 Mahakama Kuu ikazitupa hizo mbili, ikasema mengine yaendelee ila kanuni za kulinda data zitengenezwe kwanza. Oktoba 2021 korti tena ikasema kadi zilitolewa kinyume cha sheria, maanake hakuna aliyekaa akapima madhara kwa faragha yetu kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka. Kila mara vidole kwanza, kanuni baadaye. Mimi hapo tu ndo sikubali.

Wa Mpesa: Bro hiyo fotokopi si ndo sababu ya kutaka chipu? Mimi niko kwa duka, wakora wanakuja na kipande cha marehemu wanataka laini. Na wewe simu yako wafungua na nini kama si kidole?

Mwenye mada: Kidole changu kinakaa ndani ya simu, nikichoka nakifuta mwenyewe. Cha seva ya serikali nikamwambie nani akifute?

Binti Garissa: Nyie mwaongea mambo ya wakora, huku kwetu vidole vishafunga watu. Ukame ulikuwa mkali, mama anawapeleka watoto kambi ya Dadaab wapate chakula, wanaandikishwa huko wakimbizi na ni Wakenya. Mtoto anafika 18 anaenda kuomba kipande, anaweka kidole, mashine inasema huyu mkimbizi. Hasomi vizuri, hapati kazi, hafungui akaunti. Hakuna aliyemwibia data, ilitumika tu kwa kazi ambayo mamake hakuambiwa.

Wa Mpesa: Hiyo dada sikuwa naijua, pole sana. Lakini kipande lazima tuwe nacho.

Binti Garissa: Nani amekataa kipande kaka, kwani sisi tunalilia nini miaka yote hii? Tunataka tu pa kwenda mashine ikikosea, ofisi yenye mtu, si kuambiwa rudi wiki ijayo.

Mwenye mada: Hapo umenishinda dada, mimi niliwaza wezi tu. Haya basi nishaurini, fotokopi ningali nayo na nyuma kuna namba ya simu imeandikwa na kalamu. Nikimpigia nimwambie niko na kipande chake si ataniona mkora?

Wa Mpesa: Mimi ningekublock.