Jengo la halmashauri ya Säynätsalo: nitazame nini hasa?

Mwanafunzi_Ramani:
Wakuu, habari za leo. Nasoma usanifu majengo na nimepewa kuandika juu ya jengo la halmashauri ya Säynätsalo, Finland, lililobuniwa na msanifu Alvar Aalto na kukamilika 1952. Linasifiwa kila mahali, lakini mimi pichani naona kuta za matofali mekundu, ua katikati na ukumbi mmoja uliopanda juu. Mwalimu hataki sifa za jumla, anataka vitu vidogo vidogo. Mnaolijua vizuri, nianzie wapi?

Mwashi_Mkongwe:
Kijana, picha za nje ziweke kando kwanza. Fuata njia ya diwani kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake.

Mimi ni mwashi wa matofali ya kuchoma tangu ujana, na nilibahatika kuingia mle. Ngazi ni za matofali, kuta za matofali, njia nyembamba inayopinda ikiuzunguka ukumbi, na mwanga unashuka kutoka madirisha yaliyobanwa juu kabisa, chini ya dari. Kila hatua inasikika. Ukivuka kizingiti cha ukumbi, mguu unakanyaga mbao. Sauti inabadilika papo hapo, na sakafu inanepa kidogo sana chini ya uzito wako. Mtu anajua amefika mahali pa kupima maneno kabla hajaambiwa na yeyote. Nilirudi nyuma nikavuka tena, nikavuka tena.

Shika na mikono ya milango. Imeviringishwa ngozi, maana kwenye baridi ya kule chuma kitupu kinauma kiganja.

Sasa ukuta, ambao ndio kazi yangu. Matofali hayakulazwa yote kwenye uzi mmoja: mengine yamejitokeza kidogo, mengine yamerudi ndani. Asiyejua atasema uzi ulilegea. Yalilazwa hivyo kwa makusudi. Jua la kaskazini hupita chini chini, na likiupiga ukuta kwa ubavu, kila tofali lililojitokeza linaangusha kivuli chake. Bila hivyo ukuta ungekuwa bapa kama karatasi. Na usidhani ni kazi nyepesi. Kunyoosha, uzi na timazi vinakusaidia; kupotoa kwa kiasi, una jicho lako tu, na ukizidisha kidogo ukuta mzima unaonekana mbovu.

Dada_Kenchi:
Shikamoo mzee, umeeleza vizuri sana. Naongeza la juu. Ukumbini kuna kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, mbili tu, na mbao za kila moja zinatawanyika kutoka sehemu moja kwenda juu, ndiyo maana zikaitwa za kipepeo. Ndugu mwanafunzi, usiandike kwamba ni mapambo. Zile mbao zinashika paa sehemu nyingi kwa mara moja, kwa hiyo hapakuhitajika msururu wa kenchi nyingine, na hewa inapita kati ya paa na dari, jambo la lazima penye baridi kali. Chora mahali zinapokutana, kwa kipimo kikubwa.

Ukumbi wenyewe una kimo cha mita 17, kwa halmashauri ndogo ya kisiwani iliyoishi kwa kiwanda cha plaiwudi! Wapo wanaosema ni kupita kiasi. Mimi nasema wafanyakazi wa kiwanda walistahili ukumbi wenye hadhi ya mji mkubwa, na ningefurahi kuona watu wengi zaidi wakijengewa hivyo.

Mwanafunzi_Ramani:
Asanteni sana. Mzee, swali moja tu: kwenye mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kama limekatwa wima, ua uko juu kuliko barabara. Pale palikuwa na kilima?

Mwashi_Mkongwe:
Marahaba, dada. Mwanafunzi, ule ni udongo uliochimbwa wakati wa ujenzi. Badala ya kuusomba ukatupwe, ulijazwa katikati na ua ukapanda ghorofa moja. Chini, upande wa barabara, yakawekwa maduka ambayo yangegeuzwa ofisi halmashauri ikikua. Kupanda uani kuna ngazi mbili: za mashariki ni za granaiti, za magharibi ni za nyasi, udongo wake umezuiwa kwa mbao. Hizo za nyasi zipe ukurasa mzima. Onyesha ubao unavyozuia udongo na maji ya mvua yanakoelekea.